UZI: Lambo la mita 40 × 30, kina mita 3, Kongwa. Kijiko, buldoza D6 au JCB?

#1 | ShambaKongwa

Wakuu salaam. Naomba ushauri wa kitaalamu, siyo wa "njoo inbox".

Eneo ni Kongwa, Dodoma. Shamba lina mteremko wa kama 2 kwa 100. Lengo ni kuvuna maji ya mvua yanayotiririka juu ya ardhi, nimwagilie mboga ekari 2 kiangazi na kunywesha ng'ombe 20. Vipimo nilivyoweka: mdomo mita 40 × 30, kina mita 3, kuta zilale mita 2 za usawa kwa kila mita 1 ya kwenda chini.

Mashimo ya majaribio yamechimbwa manne, kila moja mita 3.5. Juu kuna sentimita 40 za tifutifu nyekundu. Chini yake mfinyanzi wenye kichanga hadi mita 2.2, halafu mfinyanzi mzito wa kijivu mpaka mwisho wa shimo. Maji hakuna, mwamba hakuna.

Mashine zinazopatikana kwa kukodi: JCB ya matairi (ndoo ya kuchimbia iko nyuma) kwa saa, kijiko cha minyororo (ekskaveta) cha tani 20 kwa siku, na buldoza D6 kwa siku. Ipi inafaa? Kila mwenye mashine anasifia yake. Nawasilisha.

---

#2 | Opereta_PC200

Mkuu, mashimo manne ya majaribio ni jambo zuri, wengi huruka hapo. Tuanze na hesabu ya udongo kabla ya kutaja mashine.

Mdomo 40 × 30 = mita za mraba 1,200. Kwa kuta ulizotaja, sakafu inabaki 28 × 18 = 504. Katikati ya kina ni 34 × 24 = 816. Ujazo = (1,200 + 4 × 816 + 504) ÷ 6 × 3 = mita za ujazo 2,484. Usizidishe 40 × 30 × 3 upate 3,600, maana mwenye mashine atafurahi na wewe utalipia udongo ambao haupo.

Hiyo 2,484 ni udongo ukiwa bado umelala ardhini. Ukichimbuliwa mfinyanzi unavimba kama robo, kwa hiyo utakaousomba ni takriban 3,100. Wakikupa bei kwa "kyubiki", uliza kwanza: ya udongo uliolala au uliochimbuliwa? Tofauti ni robo nzima ya pesa.

Sasa kasi. Kijiko cha tani 20 (PC200, CAT 320 na wenzao) kina ndoo ya mita za ujazo 0.8 hadi 1. Mzunguko mmoja, yaani kuchota, kugeuka, kumwaga na kurudi, ni kama sekunde 20 kwa opereta mzuri. Ukichukua ndoo ya 0.9 ikijaa kwa asilimia 90, dakika 50 za kazi halisi kwa saa, unapata kama mita za ujazo 120 za udongo uliochimbuliwa, sawa na 95 za uliolala. Kwenye karatasi kazi yako ni saa 26.

JCB: ndoo ya nyuma ni kama mita 0.25, mzunguko sekunde 25. Hesabu ile ile inakupa kama 21 kwa saa, yaani saa 115 na ushee. Hata ikiwa bei ya saa ni nusu ya kijiko, umeshapoteza. JCB ni mashine nzuri ya mitaro, mabomba na karo. Kwa lambo la ukubwa huu ni kupotezeana muda.

---

#3 | Mkandarasi_wa_Tuta

> Opereta_PC200 amesema: Kwenye karatasi kazi yako ni saa 26

Kwenye karatasi, ndiyo. Shambani hapana, na sababu ni hii: mkono wa PC200 unafika kama mita 9.9 kwa usawa. Shimo lina upana wa mita 30. Kijiko hakiwezi kusimama ukingoni kikachota katikati na kumwaga nje. Lazima kiingie ndani, kichimbe, kimwage nyuma yake, kisogee, kiokote udongo ule ule tena. Udongo ukiguswa mara mbili, saa 26 zinakuwa 40 hivi. Kama unataka uguswe mara moja, weka tipa mbili zinazoingia shimoni kwa njia ya mteremko, na hapo una bili tatu: kijiko, tipa na mtu wa kusambaza huko zinakomwaga.

Buldoza inachimba, inasukuma na kusambaza kwa mwendo mmoja. Kongwa kiangazi ni pakavu, shimo halina maji, umbali wa kusukuma ni mita 30 hadi 50. Hayo ndiyo mazingira ya D6. Kwa umbali huo tegemea mita 80 hadi 100 za udongo uliolala kwa saa, na tayari umeshatandazwa. Umbali ukizidi mita 60 tija yake inaporomoka, na ukifika 90 huyo siyo wa kazi hiyo tena.

Sheria ya jumla ninayoifuata: eneo kavu, buldoza. Eneo lenye maji au tope, kijiko, maana kinasimama pembeni pakavu na kunyoosha mkono.

---

#4 | Opereta_PC200

Mkuu #3, nakubali kwa umbali. Ila usimfiche mwenye uzi kitu kimoja: D6 haiwezi kusukuma mzigo juu ya ukuta wa 2 kwa 1. Itapanda, lakini nguvu yote inaishia kujibeba yenyewe na blade inafika juu nusu tupu. Buldoza inahitaji ncha mbili za shimo zilale kwa 4 kwa 1 angalau, maana yake kwa kina cha mita 3 kila ncha inakula mita 12 za usawa badala ya 6. Ama shimo lirefuke, ama ujazo upungue. Kuta za pembeni kwa 2 kwa 1 ataziacha zikiwa ngazi-ngazi, na atakuja mtu wa kijiko kuzinyoosha kwa ndoo pana isiyo na meno.

Halafu udongo mkavu wa Dodoma mwezi wa tisa ni mgumu. D6 isiyo na ripa nyuma (meno marefu ya kupasulia ardhi ngumu) itakwaruza tu. Uliza: ina ripa? Ina meno mangapi, na yana ncha?

---

#5 | Maji_na_Udongo

Mnabishania kuchimba, na hapo ndipo pesa za malambo mengi zinapopotelea. Swali la kwanza kwa mwenye uzi siyo mashine ipi inachimba haraka. Ni hili: udongo unaotoka unaupeleka wapi?

Ardhi yako ina mteremko wa 2 kwa 100. Ukitengeneza tuta la urefu wa mita 1.5 upande wa chini, likaungana na mabawa mawili yanayopanda mteremko kwa mita 50 kila upande na kupungua kimo taratibu, maji yanaweza kusimama mita 1 juu ya ardhi ya upande wa chini, na bado unabaki na nusu mita ya usalama. Juu ya shimo lako hiyo ni wastani wa mita 0.7 za maji ya ziada, pamoja na kabari ndogo upande wa juu. Jumla ni karibu mita za ujazo 1,000 za maji bila kuchimba hata ndoo moja zaidi, kwa kutumia udongo ambao ungelipia kuutupa.

Tuta hilo, juu upana wa mita 3, ndani likilala 2.5 kwa 1 na nje 2 kwa 1, linameza takriban mita 1,000 za udongo ulioshindiliwa, sawa na 1,150 hivi za uliolala. Tumia mfinyanzi tu. Ile tifutifu ya juu usiiweke ndani ya tuta kamwe. Ikusanye pembeni, mwishoni ifunike uso wa nje upate kuotesha majani. Acha mita 3 hadi 4 za ardhi tambarare kati ya mdomo wa shimo na mguu wa tuta, la sivyo uzito wa tuta utasukuma ukuta wa shimo.

Ukishaelewa kwamba unajenga tuta, swali la mashine linabadilika. Mashine ambayo hakuna aliyeitaja mpaka sasa ndiyo itakayoamua kama maji yatakaa: rola.

---

#6 | ShambaKongwa

Mkuu #5 nimekupata. Kuhusu rola, mwenye kijiko anasema atashindilia kwa kupita juu na minyororo, na kupigapiga na mgongo wa ndoo. Haitoshi?

---

#7 | Maji_na_Udongo

Haitoshi, na sababu ni ya kifizikia. Minyororo imetengenezwa ili mashine isizame, yaani kutawanya uzito. Kijiko cha tani 20 kinakandamiza kwa kilo 0.4 hadi 0.5 tu kwa kila sentimita ya mraba. D6 ya kawaida haizidi sana hapo. Tairi la tipa iliyobeba mzigo linakandamiza kwa kilo 6 hadi 7. Kwa hiyo hata tipa ikipita juu ya tuta mara nyingi, njia ikibadilishwa kila safari, inashindilia kuliko kijiko.

Kinachotakiwa kwa mfinyanzi ni rola lenye vinundu kwenye ngoma yake. Vinundu vinaingia ndani ya tabaka na kuliunganisha na la chini yake. Rola laini la barabarani linaacha uso kama kioo kati ya tabaka na tabaka, na maji hupenya hapo hapo. Ukilazimika kutumia laini, kwaruza uso wa kila tabaka kabla ya kuweka jingine.

Namna yenyewe: tabaka la sentimita 15 hadi 20 kabla ya kushindiliwa, siyo zaidi. Rola lipite mara 6 hadi 8. Dalili ya kutosha ni kwamba mwanzoni vinundu vinazama hadi shingoni, na kila mzunguko rola linapanda, mpaka linatembea karibu juu kabisa. Mtu akikumwagia nusu mita kwa mara moja halafu akapita juu mara ishirini, juu patakuwa pagumu na chini pabaki sponji.

Unyevu ndio siri nyingine. Chukua udongo, ufinye kama tonge. Likishikana na ukilivunja likatoka vipande viwili vitatu, unyevu unafaa. Likimomonyoka kuwa unga, ni kavu mno. Likikuachia matope kiganjani, limelowa mno na rola litalisukuma mbele badala ya kulishindilia.

---

#8 | Dizeli_na_Lobedi

Nyongeza kwenye unyevu, maana watu hawaiwekei bajeti. Tuta la mita za ujazo 1,000 lina kama tani 1,700 za udongo mkavu. Ukihitaji kuongeza unyevu kwa asilimia 5 tu, hiyo ni tani 85 za maji, lita 85,000. Kwa boza la lita 10,000 ni safari 8 au 9, na Kongwa mwezi wa tisa maji hayo yatatoka wapi na kwa bei gani?

Ndiyo maana kazi ya aina hii Dodoma ifanyike Mei na Juni. Mvua zinakatika Aprili, juu pamekauka vya kutosha mashine isizame, chini udongo bado una unyevu wake. Unachimba kwa urahisi, ripa pengine haihitajiki, na boza linakuja kwa kunyunyiza tu. Wanaosubiri Oktoba kwa sababu "mvua inakaribia" hulipa mara mbili: ugumu wa kuchimba na maji ya kushindilia. Ila ujue Mei mashine zinagombaniwa, weka oda mapema.

---

#9 | Silanga_Machakos

Salamu kutoka Kenya. Huku tunaziita silanga na kazi ni ile ile. Nataka kuongezea jambo moja la udongo. Huo mfinyanzi wenye kichanga kati ya sentimita 40 na mita 2.2 ndio utakaokuvujishia pembeni, hata sakafu ikiwa ya mfinyanzi mzito. Fanya jaribio: chimba shimo la kina cha mita 1 ndani ya tabaka hilo, lijaze maji jioni, asubuhi lijaze tena, halafu pima baada ya saa 24. Kama maji mengi bado yapo, endelea. Kama yameisha yote, utahitaji kuzipaka kuta mfinyanzi wa kijivu, sentimita 30 zilizoshindiliwa kwa tabaka mbili, kutoka chini hadi juu.

Na hapo mpangilio wa mashine unabadilika tena, kwa sababu mfinyanzi wa kijivu unatoka mwisho na unatakiwa mwanzo. Lazima kuwe na mahali pa kuulundika na mashine ya kuurudisha. Kijiko kinaweza, buldoza haiwezi kuupandisha kwenye ukuta wa 2 kwa 1 vizuri. Ikiwa kuta zitapakwa, zilaze 3 kwa 1 ili rola lipande.

Wengine huku wanatandika karatasi nene la plastiki. Kwa shimo la vipimo hivyo, ukuta wenyewe una urefu wa mita 6.7 kwa kufuata mteremko wake, ukiongeza mita 1 kila upande ya kufukia ukingoni unapata karatasi la kama mita 43.5 × 33.5, karibu mita za mraba 1,450. Piga hesabu hiyo kabla ya kutamani. Na hilo ni kwa shimo bila tuta. Tena ng'ombe wasikanyage humo, kwato zinatoboa.

---

#10 | ShambaKongwa

Asanteni. Jaribio la maji nitalifanya kabla ya kuamua. Maswali mawili: (1) maji yatatosha ekari 2? (2) Naweza kuweka sato humo humo?

---

#11 | Maji_na_Udongo

(1) Hapana. Mboga kwa kiangazi cha Dodoma wekea milimita 5 kwa siku. Ekari 2 ni mita za mraba kama 8,100, hivyo mita za ujazo 40 kila siku. Jua linakunywa nyingine 6 au zaidi kutoka usoni mwa lambo, ng'ombe hata 1 haifiki. Mita 2,484 zinaisha ndani ya siku 52 hivi, kabla kabichi haijafunga vizuri. Ekari 1 inakwenda miezi mitatu, na ukijenga tuta lile unapata na akiba. Ndiyo sababu kina ni muhimu kuliko upana: maji yanayopotea kwa jua yanategemea uso, siyo kina. Usikubali opereta akuongezee upana kwa kuwa chini pamekuwa pagumu.

(2) Inawezekana kufuga, lakini kuvua ni kazi. Bwawa la samaki lina kina cha mita 1 hadi 1.5, sakafu yenye mteremko kuelekea bomba, na unaliondoa maji lote. Lambo la umwagiliaji la mita 3 halikaushwi kirahisi, na maji yanapungua wakati samaki wanakua. Ukiwataka kwa dhati, chimba bwawa lao dogo chini ya tuta. Hilo hata JCB inaliweza.

---

#12 | Mkandarasi_wa_Tuta

Haya, turudi kwenye mashine. Kwa taarifa zote hizi, pendekezo langu: D6 yenye ripa, rola la vinundu la kuvutwa na trekta (au linalojiendesha, likipatikana karibu), boza, na JCB siku moja au mbili kwa mtaro wa msingi, bomba na utoro (njia ya kutolea maji ya ziada). Ncha za shimo zilazwe 4 kwa 1. Saa za D6 ziwe 35 hadi 40, mafuta lita 20 hadi 25 kwa saa, andaa lita 900.

Hatua: piga vigingi. Kwangua tifutifu ya juu eneo lote la shimo na la tuta, lundika nje. JCB ichimbe mtaro wa msingi katikati ya mstari wa tuta, upana mita 2.5 rola liweze kuingia, kina mpaka uingie nusu mita ndani ya udongo usiopitisha maji. Kwa huyu bwana, kama ule wenye kichanga utashindwa jaribio la #9, mtaro lazima ufike kwenye wa kijivu, yaani mita 2.7. Usiruke hatua hii. Tuta zuri juu ya ardhi inayopitisha maji ni mapambo. Jaza mtaro kwa mfinyanzi, tabaka kwa tabaka, kisha endelea juu. Ongeza kimo kwa asilimia 5 hadi 10 zaidi ya kile unachokitaka, kwa kuwa tuta litatulia.

---

#13 | Opereta_PC200

Mtaro wa kina cha mita 2.7 wenye kuta wima na mtu ndani? Hapo usifanye mzaha. Ukizidi mita 1.2 laza kuta au zikate ngazi-ngazi, na mtu asishuke wakati mashine iko ukingoni.

Mimi bado ningechukua kijiko kwa mazingira haya ikiwa mtaro utakwenda mita 2.7 na kuta zitapakwa mfinyanzi, maana kazi hizo mbili D6 haigusi na JCB itazichukua siku nyingi. Kijiko kimoja, Fuso mbili za tipa, trekta la kuvuta rola. Kijiko kinachimba kwa kurudi nyuma kuelekea njia ya kutokea, Fuso zinamwaga juu ya tuta kwa malundo madogo, trekta lenye blade linasambaza. Mafuta ya kijiko lita 12 hadi 16 kwa saa. Ila lile la D6 ni nafuu kama jaribio la maji litafaulu na mtaro hautazidi mita 1.5. Kwa hiyo jibu lipo kwenye lile shimo la mita 1, siyo kwenye ubishi wetu.

---

#14 | Mkandarasi_wa_Tuta

Hapo tumekutana, mkuu.

---

#15 | Dizeli_na_Lobedi

Sasa mkataba, kwa sababu mashine sahihi kwa mkataba mbovu ni hasara ile ile.

Usafiri kwanza. Mashine ya minyororo inakuja kwa lobedi (trela la chini la kubebea mashine), kwenda na kurudi, na unalipa zote mbili. Kijiko tani 20 pamoja na lobedi na kichwa chake ni kama tani 40 barabarani. Kagua makaravati na madaraja madogo ya njia ya kijiji, na waya za umeme zinazokatiza. Lobedi ikigoma kilomita 3 kabla ya shamba, mashine itashuka na kutembea, na minyororo huliwa kwa kutembea. Watakudai. Kama una jirani anayetaka kazi ya mashine, unganisheni safari. Hapo ndipo punguzo la kweli lilipo, si kwenye bei ya saa.

Lipa kwa saa za mita ya mashine, siyo saa ya mkononi. Piga picha mita asubuhi kabla ya kuwasha na jioni baada ya kuzima, opereta asaini daftari. Andika wazi kwamba muda wa matengenezo haulipwi, na kiwango cha chini cha saa kwa siku (wengi huweka 8) kisihesabiwe siku mashine ikiwa mbovu. Mvua ikinyesha nani anabeba? Iandikwe. Chakula na malazi ya opereta? Iandikwe.

Mafuta: ukikodi bila mafuta, nunua mwenyewe na ujaze mwenyewe. PC200 inayokunywa lita 22 kwa saa kwenye udongo wa kawaida ama ni mgonjwa ama ina "ndugu" wa kumlisha usiku. Gawanya lita kwa saa za mita kila jioni.

Kukagua kijiko kabla hakijapanda lobedi: nyosha mkono, inua ndoo mita 1 juu ya ardhi, zima injini, subiri dakika 5. Ikishuka sana, sili au valvu zimechoka na kazi itakuwa ya kusuasua. Sukuma ndoo kushoto-kulia kwa mkono uone mchezo kwenye pini. Angalia meno ya ndoo, meno butu yanakula mafuta. Hosi zilizopasuka gamba na kuonyesha waya zitakatika shambani kwako, na hosi ya haidroliki Kongwa huipati dukani saa kumi jioni.

---

#16 | Silanga_Machakos

Bomba limesahauliwa. Likipita chini ya tuta, maji hupenda kufuata ngozi ya bomba kutoka ndani kwenda nje, yanatoboa, na siku moja tuta linakatika hapo hapo. Weka kola za zege mbili au tatu, kila moja ikitokeza sentimita 30 hadi 45 kuzunguka bomba, na ushindilie kwa mkono pembeni yake, tabaka za sentimita 10. Rola lisipite mpaka pawe na sentimita 60 juu ya bomba. Kama unamwagilia kwa pampu, usiweke bomba kabisa. Pampu ya ukingoni haitobolei mtu tuta.

Vichuguu pia. Kichuguu kilichopo kwenye mstari wa tuta chimbua chote mpaka chini, jaza na ushindilie upya. Miti isipandwe juu ya tuta, mizizi ikifa inaacha njia za maji.

---

#17 | Maji_na_Udongo

Na utoro wa maji ya ziada. Unapitisha maji ya eneo la ukubwa gani? Tuseme hekta 10 na mvua kali ya milimita 60 kwa saa, ikitiririka asilimia 40: ni kama mita za ujazo 0.67 kwa sekunde. Maji yakipita utoroni kwa kina cha sentimita 30, kila mita ya upana inabeba kama 0.28. Unahitaji mita 2.4; weka 5, kwa sababu majani na matawi hukwama. Utoro uchimbwe kwenye ardhi ya asili pembeni ya bawa, siyo juu ya tuta, na sakafu yake iwe nusu mita chini ya kichwa cha tuta. JCB inaufanya kwa nusu siku. Kwenye mlango wa kuingilia chimba na shimo la kunasa mchanga, mita 3 × 2 × 1.5, lifukuliwe kila kiangazi.

Kibali: sehemu kubwa ya Kongwa imo Bonde la Wami/Ruvu, ofisi ya bodi ya bonde iko Morogoro. Waone kabla ya kukodi mashine, hasa kama kuna korongo. Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Kwa ndugu wa Kenya ni WRA (mamlaka ya rasilimali za maji).

---

#18 | ShambaKongwa

Nimeelewa. Nitafanya jaribio la maji kwenye mashimo mawili ya upande wa chini, na ekari zinakuwa 1. Likifaulu, D6 + rola + JCB. Likishindwa, kijiko + Fuso mbili + rola, kuta 3 kwa 1. Swali la mwisho: rola la kuvutwa linahitaji trekta la nguvu gani?

---

#19 | Opereta_PC200

Rola dogo la tani 3 hadi 4, trekta la farasi 75 hadi 90 linatosha pakiwa pakavu, likiwa na 4WD. Juu ya tabaka jipya lililolegea litateleza, kwa hiyo pita kwa urefu wa tuta, usikate kona juu yake, na geuzia nje ya ncha. Na ukikodi trekta, hakikisha pini ya kuvutia ni ya chuma halisi siyo nondo iliyokunjwa. Kuta zikiwa 3 kwa 1, rola lipande na kushuka moja kwa moja, siyo kwa ubavu, lisije likaviringika na trekta.

---

#20 | Dizeli_na_Lobedi

Kabla ya hilo trekta kufika, kagua kama ngoma ya rola ina kizibo cha kujazia maji. Nyingi za kuvutwa uzito wake ulioandikwa ni pamoja na maji ndani. Ikija tupu, tani 3 inaweza kuwa 2, na utapita mara 15 bila vinundu kupanda.